Kutoka Bibo Hadi Chupa: Kiwanda cha Pombe Kali Kinavyofanya Kazi Hatua kwa Hatua

Mwezi wa kumi, ukitoka Newala kwenda Tandahimba asubuhi na mapema, harufu ya mabibo hukupokea kabla hujauona mkorosho wenyewe. Korosho zimeshaokotwa zimekwenda ghalani, na mabibo yamebaki chini ya miti, mekundu na ya njano, nyuki wamejaa juu yake na mbuzi wanachagua. Kwa uzito, bibo moja ni mara tano hadi kumi ya korosho inayoning'inia chini yake. Kila kilo ya korosho inayopimwa kwenye mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, imeacha shambani kilo tano au zaidi za tunda, na sehemu kubwa ya tunda hilo inaozea pale pale.

Nimekulia katika harufu hiyo. Bibi yangu alikuwa akikamua uraka, pombe ya juisi ya mabibo iliyochachuka, kila msimu. Ukubwani nikapata kazi katika kiwanda cha pombe kali Dar es Salaam, nikaanzia kwenye kuosha chupa na nikamalizia kwenye mtambo wa kupikia. Kila nikirudi nyumbani vijana huniuliza swali moja: "Kaka, nipa yetu na wiski ya dukani zinatofautiana nini, wakati zote zinapikwa?" Hili hapa jibu langu, kwa urefu. Tofauti kubwa iko kwenye vile vitu ambavyo kiwanda kinakataa kuviingiza kwenye chupa, na kila hatua nitakayoeleza ina kitu cha kukataliwa.

Nimeandika kwa ajili ya kikundi, ushirika au mwekezaji wa Mtwara na Lindi anayefikiria kiwanda chenye leseni. Huu si mwongozo wa jikoni. Kupika pombe kali nyumbani ni kosa kisheria, na hatari zake utaziona huko mbele.

Karatasi kabla ya moto

Nitapita haraka hapa kwa sababu ofisi husika zitakueleza vizuri kuliko mimi. Kampuni husajiliwa BRELA. TRA wanahusika tangu mwanzo, maana pombe kali inalipiwa ushuru wa bidhaa na wanataka kujua kila lita imekwenda wapi. NEMC wanaangalia majitaka, TBS wanaangalia kinywaji chenyewe, OSHA usalama wa wafanyakazi, na Jeshi la Zimamoto jengo. Ipo pia Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, na "moshi" inayotajwa humo ndiyo hiyo nipa au gongo. Mpe wakili aisome kabla hujanunua hata sufuria.

Zimamoto wapewe uzito wa pekee. Pombe ya asilimia 40 hutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia nyuzi joto 26 hivi. Mchana wa kawaida wa Mtwara unapita hapo. Kwa hiyo pombe iliyomwagika sakafuni, ambayo huko kwenye baridi wangeidekia tu, kwetu ni hatari ya moto papo hapo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kujikusanya mashimoni na kwenye mifereji. Pampu, swichi na taa za chumba cha mtambo lazima ziwe za aina isiyotoa cheche, na milango ifungukie nje.

Kiwanda kiwe wapi

Tupige hesabu. Tani moja ya mabibo ikikamuliwa vizuri hutoa lita 600 hivi za juisi. Juisi hiyo ina sukari kama asilimia 10, na gramu 18 za sukari katika lita moja huzaa takriban asilimia moja ya kilevi, kwa hiyo ikichacha yote utapata mvinyo wa asilimia 5 na nusu. Hizo ni lita 33 tu za kilevi kitupu. Toa kinachopotea njiani, toa kinachokataliwa kwenye mtambo, na mwisho utabaki na chupa 70 hadi 90 za mililita 750. Tani moja ya kimea cha shayiri, inayotumika kwenye wiski, hutoa lita zinazokaribia 400 za kilevi kitupu.

Bibo ni maji, basi. Ukilisafirisha kilomita 200 umelipia mafuta ya lori kubeba maji, nalo likishadondoka huanza kuharibika ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana ukamuaji lazima uwe jirani na mashamba, hata kama mtambo wa kupikia uko mjini.

Lakini jirani na mashamba kuna shida ya maji. Uwanda wa Makonde hauna mito, na watu wa Newala na Tandahimba wanajua thamani ya ndoo moja inayotoka chanzo cha Mitema. Kiwanda kinahitaji maji ya kuoshea, ya boila, ya kupozea mvuke na ya kupunguzia makali. Ya kupozea ndiyo mengi kuliko yote. Maoni yangu ni kwamba kiwanda kisichokuwa na mfumo wa kuzungusha maji yale yale ya kupozea, kupitia mnara au bwawa, hakipaswi kujengwa huko juu. Kitagombana na akina mama wenye ndoo, na kitakuwa na makosa.

Kupokea na kukamua

Bibo zuri kwa kazi hii ni lililoiva likadondoka lenyewe na kuokotwa siku hiyo hiyo. Lililopasuka na kuingia mchanga linatupwa. Lenye ukungu linatupwa. Lenye harufu ya siki nalo linatupwa, kwa sababu bakteria wa siki hugeuza kilevi kuwa asidi, na bibo chache zinatosha kuambukiza tangi zima.

Korosho inang'olewa kwa kuizungusha, kamwe isikatwe kwa kisu. Ganda lake lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na kila mbanguaji wa korosho anayo alama yake mikononi. Kisu kikiteleza kikatoboa ganda, mafuta hayo yanaingia kwenye tunda. Vikundi vingine hutumia uzi wa nailoni, unauzungushia shingo ya bibo na kuvuta, korosho inabaki nzima.

Kisha kuosha, na hapa nawaomba wakulima wenzangu wanisikilize. Tunapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga. Vumbi likibaki kwenye tunda na tunda likaingia kwenye tangi, hamira huigeuza salfa kuwa gesi yenye harufu ya yai viza. Osha kwa maji mengi mara mbili. Kitakachoponyoka kitakutana na shaba baadaye, lakini usiitegemee shaba ifanye kazi ya maji.

Mabibo husagwa au kukatwakatwa, halafu yanakamuliwa kwa kikamulio cha skrubu cha chuma kisichoshika kutu. Juisi inayotoka ina ule ukakasi unaoshika koo, ambao ni tanini. Ikiwa nyingi mno inasumbua hamira na kuacha ukali mbaya. Bibi yangu hakulijua neno tanini, lakini alijua dawa yake. Alikoroga uji mwepesi, akaumimina kwenye juisi, akaiacha itulie mpaka asubuhi. Chini kulikuwa na matope ya kahawia, juu juisi imenyooka. Viwandani hufanya vivyo hivyo kwa wanga wa muhogo au jelatini, kwa vipimo. Kuna vimeng'enya vinavyouzwa kwa kusafisha juisi haraka kwa kuivunja pektini, ile gundi ya asili ya tunda. Kwa juisi ya kunywa havina tatizo. Kwa juisi itakayopikwa kuwa pombe kali mimi navikataa, kwa sababu pektini ikivunjwa huachia methanoli, kilevi chenye sumu.

Machicha yanayobaki kwenye kikamulio yawafikie ng'ombe na mbuzi siku hiyo hiyo, au yaanikwe. Yakilala, inzi watakuhamisha.

Ukitaka liitwe jina la wiski

Kinywaji cha mabibo, hata ukikipika kwa ustadi wa Uskoti na kukilaza miaka kumi kwenye pipa, si wiski. Wiski hutokana na nafaka. Cha tunda ni brandi ya bibo, na sioni aibu ndani yake. Huko Goa, India, ambako mikorosho ilipelekwa na Wareno wale wale waliotuletea sisi kutoka Brazili, wanapika feni kutokana na mabibo. Mwaka 2009 jina hilo lilisajiliwa kisheria nchini India kama mali ya Goa. Pombe ya mpiko wa kwanza wanaiita "urrak". Mtu wa Mtwara akiisikia hiyo lazima ageuze shingo.

Nafaka ina faida moja kubwa: haiozi ndani ya siku mbili. Msimu wa mabibo ni miezi mitatu au minne, na mtambo wa shaba wa mamilioni hauwezi kulala miezi minane. Mtama wa kwetu unaweza kuuziba mwanya huo, ila njia yake ya kuanzia ni tofauti, kwani nafaka ina wanga na hamira haili wanga.

Kazi ya kugeuza wanga kuwa sukari ni ya kimea, kile kile cha togwa. Uskoti huloweka shayiri kama siku mbili, wakaiacha ichipue siku tano hivi, kisha wakaikausha kwa moto mtoto kabla chipukizi halijala sukari yote. Wakati mwingine moto huo ni wa mboji ya kinamasini, na ndiko unakotoka ule moshi wa baadhi ya wiski zao. Kimea kinasagwa kwa chenga, kinachanganywa na maji moto mpaka uji ufike nyuzi 63 hadi 65, na ndani ya saa moja au mbili uji unakuwa mtamu. Mtama ni mkaidi zaidi: wanga wake haulegei kwenye joto hilo. Unaupika kwanza karibu na kuchemka, unaupoza hadi nyuzi 65, ndipo unaongeza kimea cha shayiri au vimeng'enya. Ukitia kimea kwenye uji unaochemka umekiua. Baada ya hapo unachuja, unapoza, na safari inakuwa moja na ya juisi ya bibo.

Kuchachusha

Uraka wa nyumbani huchachuka kwa hamira za porini zilizo kwenye ganda la tunda. Ni utamu wa bahati: leo umekuja mzuri, kesho siki. Kiwanda hutia hamira teule iliyopimwa, ili iwahi kulitawala tangi kabla ya wadudu wengine.

Adui yetu pwani ni joto. Hamira inapokula sukari inatoa joto lake yenyewe, na tangi lililoanza na nyuzi 30 linaweza kupita 37 usiku huo huo. Hapo hamira inachoka, inatoa harufu kali za ajabu, na ikikaribia 40 inaanza kufa huku sukari bado imo. Tangi liwe na koti la maji ya baridi, na kipimajoto kisomwe kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Lengo ni nyuzi 25 hadi 30. Kwa siku tatu hadi tano povu linapanda na kushuka, na haidromita, chombo cha kuelea kinachopima uzito wa kimiminika, ikisoma namba ile ile siku mbili mfululizo kazi imekwisha.

Chumba cha kuchachushia kiwe na upepo unaopita chini, usawa wa miguu. Hewa ukaa inayotoka ni nzito, inalala sakafuni na ndani ya tangi lililomwagwa, na haina harufu. Mtu akiingia kulisugua anaanguka bila kupiga kelele, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Hakuna kuingia tangi kabla ya kulipuliza hewa, kulipima, na kuwa na mwenzako nje ameshika kamba.

Mtambo: kichwa, moyo na mkia

Kilevi cha ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye nyuzi 100. Ukipasha mvinyo wa bibo, mvuke unaopanda unabeba kilevi kingi kuliko kilichobaki chini. Unaupoza, unadondoka. Huko ndiko kukeneka, na nipa, feni na wiski zote zimezaliwa humo. Waarabu waliliita jasho, "araki", kwa jinsi matone yanavyotoka kwenye bomba.

Chungu cha mtambo ni cha shaba nyekundu, na sababu si uzuri. Shaba hushika misombo ya salfa iliyomo kwenye mvuke na kuizuia isipite. Ile harufu ya yai viza niliyoitaja inaishia kwenye kuta zake. Ndiyo maana shaba hulika na baada ya miaka huwa nyembamba. Chungu hupashwa kwa mvuke wa boila unaopita kwenye koti lake. Moto wa wazi chini ya pombe tuuache. Pia tuache mapipa yaliyobeba kemikali na radieta za magari zinazogeuzwa vipozeo vya nipa: zina madini ya risasi kwenye maungio, nayo yakiingia mwilini hukaa miaka mingi.

Mpiko wa kwanza unachukua mvinyo wa asilimia 5 na kutoa pombe nyepesi ya asilimia 20 hivi. Hapo huchagui kitu, unakusanya mpaka kilevi kinakaribia kuisha. Mpiko wa pili ndio wenye kazi. Unachukua ile nyepesi, unaipasha taratibu, na matone yanatoka kwa mafungu matatu.

Linaanza fungu la kichwa. Nakumbuka siku yangu ya kwanza pale, mzee aliyenifundisha alikinga tone kwenye kiganja changu akaniambia nisugue viganja vyote viwili, halafu ninuse.

"Unasikia nini, mwanangu?"

"Kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, mzee."

"Basi bado. Ngoja."

Tulingoja dakika kumi, nikasugua tena. Harufu ile ilikuwa bado imo kwa mbali, kama mtu aliyekwisha toka chumbani lakini marashi yake yamebaki. Mara ya tatu viganja vyangu vilinuka bibo. Bibo lenyewe, la shambani kwetu, lililoiva likapigwa na jua. Nilimtazama mzee bila kusema, akageuza mkono wa bomba kuelekea tangi la moyo.

Moyo ndio unaoingia kwenye chupa. Unaanza kilevi kikiwa kwenye asilimia 70 na kitu, unashuka taratibu. Karibu na asilimia 60, kutegemea mtambo na tunda, matone yanaanza kunuka boksi lililolowa na yanakuwa mazito ulimini. Mkia umefika. Mbinu moja ya kuuthibitisha: tia matone machache kwenye glasi, ongeza maji safi. Moyo unabaki mweupe angavu. Mkia unageuka ukungu, kwani mafuta yake hayakai kwenye maji. Mkia haumwagwi wote. Una kilevi bado, kwa hiyo hurudishwa kwenye mpiko wa pili wa kesho.

Mpishi wa nipa anayetaka pesa ya leo hatengi fungu lolote, kila kinachodondoka kinakwenda dumuni. Kiwanda kikikata moyo kwa uroho, kikaanza mapema na kuchelewa kufunga, kitapata lita nyingi na malalamiko ya vichwa kuuma. Nimeona msimu mzima ukiharibika kwa njia hiyo.

Sasa kuhusu methanoli, kwa sababu watu wanakufa. Wengi huamini ukimwaga kichwa umemwaga methanoli yote. Si kweli. Ingawa huchemka kwenye nyuzi 65, ikichanganyika na maji na ethanoli hupita kidogo kidogo katika mafungu yote matatu. Kinga yake inaanza shambani na kwenye ukamuaji: tunda zima lisilooza, pektini isivunjwe, machicha yasiingie kwenye tangi. Baada ya hapo kila bechi, yaani kila mkupuo wa pombe, ipelekwe maabara ipimwe kwa mashine, pua na ulimi haviitambui. Misiba mikubwa ya pombe yenye sumu duniani hutokana zaidi na watu kuongezea methanoli ya viwandani ili pombe iwe kali kwa bei rahisi. Mtu akikuletea "spiriti" kwenye dumu akasema ni ya kuongezea nguvu, mfukuze getini.

Pipa

Kinachotoka mtamboni ni cheupe kama maji. Rangi ya wiski inatoka kwenye pipa la mwaloni lililochomwa ndani. Marekani wana sheria kwamba wiski yao ya bourbon ilazwe kwenye mapipa mapya, hivyo yakishatumika mara moja wanayauza dunia nzima, ya lita 200 hivi kila moja. Uskoti ndio wateja wakubwa, na sheria yao inataka wiski ilale miaka isiyopungua mitatu.

Pipa linapumua. Uskoti hupoteza kama asilimia 2 kwa mwaka. India yenye joto, watengenezaji huzungumzia asilimia 10 na zaidi. Mtwara tuko upande wa India. Na kwa kuwa hewa ya pwani ina unyevu, kilevi hutoroka haraka kuliko maji, makali ya pombe yanashuka mwaka hadi mwaka. Faida yake ni kwamba pombe inakomaa upesi, na miaka miwili ya hapa inaweza kuwa na ukomavu ambao Uskoti ungechukua mingi zaidi. Hasara yake ni kwamba ukizubaa unafungua pipa nusu, limejaa ladha ya mbao tupu. Onja kila miezi mitatu, uandike.

Ghala la mapipa liwe na kuta nene na paa la juu. Mapipa yawekwe chini, yasipangwe kugusa bati.

Ushauri wangu kwa anayeanza: sehemu kubwa ya pombe iuzwe nyeupe, bila pipa, kama feni inavyouzwa. Acha ipumzike kwenye tangi la chuma kisichoshika kutu mwezi mmoja au miwili makali yake yatulie, kisha iende sokoni ilete pesa. Mapipa machache yalale pembeni. Na kabla ya kujaribu mbao za kwetu, kumbuka kwamba si kila mbao ni salama kulazia kinywaji. Wabrazili wanatumia miti yao ya asili kwa kachasa, pombe kali yao ya miwa, lakini ni miti waliyoizoea kwa vizazi. Peleka sampuli maabara kwanza.

Kupunguza makali

Moyo wa asilimia 65 haunyweki hivyo. Unapunguzwa kwa maji hadi asilimia 40, na hapa nina kisa changu.

Mwaka wangu wa pili niliachiwa bechi ya kupunguza makali. Nilichanganya, nikadumbukiza haidromita, ikasoma 40, nikasaini. Ilikuwa saa nane mchana, pombe kwenye tangi ina nyuzi 30. Haidromita zile zimetengenezwa zisome sawa kwenye nyuzi 20. Kwenye 30, pombe imetanuka na kuwa nyepesi, chombo kinazama zaidi na kudanganya kwa asilimia 4 hivi. Bechi niliyosaini ilikuwa ya asilimia 36. Iligundulika kwenye ghala letu kabla haijatoka, chupa zote zikafunguliwa moja moja na kurudishwa tangini. Siku tatu za watu kumi na wawili. Sijawahi tena kusoma haidromita bila kipimajoto mkono wa pili na jedwali la kurekebisha ukutani.

Maji na pombe havijumliki kama maharage. Ukichanganya lita 50 za maji na lita 50 za ethanoli unapata 96 na kitu, kwa sababu chembe zake zinabanana. Ukitaka kushusha lita 100 za asilimia 65 kuwa asilimia 40, hesabu ya darasani inasema ongeza lita 62 na nusu. Ukweli utahitaji 64 na kidogo. Tia kwa awamu, koroga, acha ipoe, pima, ongeza.

Maji yenyewe yaondolewe chumvi na chokaa yote. Visima vingi vya pwani yetu ni vya magadi au chumvi. Ukitumia maji hayo, baada ya wiki chache chupa inaonyesha vipande vyeupe vinavyoelea na mteja anadhani ni uchafu.

Pombe ikishuka chini ya asilimia 46 inaweza kuweka ukungu ikipata barafu. Haina madhara, ni mafuta ya ladha yameganda. Viwanda vikubwa huipoza karibu na nyuzi sifuri na kuichuja yatoke. Mimi ningeiacha, niuze kwa asilimia 46 na kueleza kwenye lebo.

Kujaza chupa

Watu wanadhani sehemu hii ni ya mashine tu. Nimeanzia hapa, najua ni ya macho.

Chupa za glasi hutengenezwa hapa nchini na Kioo Limited, Dar es Salaam. Vifuko vya plastiki, viroba, vilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017, kwa hiyo asikudanganye mtu na mashine ya bei poa ya kufungashia viroba. Chupa mpya nayo huoshwa, maana safarini inaokota vumbi la boksi. Kijana wa kuosha anaigeuza kichwa chini juu ya mdomo wa maji, anahesabu mpaka tatu, anaiacha ichuruzike, na kabla ya kuipitisha anaiinua kwenye taa. Ufa mwembamba kama unywele shingoni, inatupwa. Mimi niliinua maelfu kwa zamu moja, na bado mkono wangu hufanya hivyo hotelini nikipewa soda.

Pombe inapita chujio la mwisho, inaingia mashine ya kujazia. Kumbuka ile habari ya kutanuka: chupa ya mililita 750 ikijazwa kwenye nyuzi 32, ikipoa hadi 20 imepungua mililita 6 hivi. Wakala wa Vipimo hawatasikiliza hadithi ya joto la Mtwara. Ama poza pombe kabla ya kujaza, ama weka mashine kulingana na joto la siku hiyo, na pima uzito wa chupa kadhaa kila nusu saa. Acha nafasi ndogo juu, kwani chupa iliyojaa hadi kizibo ikikaa kwenye lori juani inavuja.

Kizibo kikishafungwa, chupa moja kati ya kila mia inalazwa ubavu juu ya karatasi kavu kwa saa moja. Karatasi ikilowa, mashine ya kufunga isimame. Zote zinapita mbele ya ubao mweupe wenye taa, mtu ameketi anazitazama. Abadilishwe kila nusu saa, macho yanachoka yakaanza kuona kila kitu ni safi.

Lebo iseme kweli: aina ya kinywaji, asilimia ya kilevi, ujazo, nani ametengeneza na wapi, tarehe, namba ya bechi, na onyo kwa walio chini ya miaka 18. Kisha stempu ya kielektroniki ya TRA, mfumo ulioanza mwaka 2019. Kila stempu ina namba yake, na mnunuzi anaweza kuikagua kwa simu. Stempu zilizoharibika zihifadhiwe na kuandikwa kama zile zilizobandikwa, kwani siku ya ukaguzi utaulizwa moja moja.

Kabla hujafunga hesabu za bechi, nenda nyuma ya kiwanda. Masalia yaliyobaki kwenye chungu ni ya moto, yana asidi, na yakimwagwa korongoni yanaua samaki na kunuka mpaka kijiji cha pili. Yapozwe, yakae kwenye mabwawa yaliyowekwa turubai zito chini, yatibiwe kama NEMC walivyokubali.

Chupa mbili za kila bechi zisiuzwe. Ziandikwe namba, tarehe, shamba yalikotoka mabibo na jina la aliyekata moyo siku hiyo, zifungiwe kwenye kabati lenye giza. Mteja wa Nachingwea akipiga simu mwakani kwamba chupa yake ina kasoro, unafungua kabati, unatoa chupa pacha ya hiyo, unamimina kidogo kiganjani, unasugua, unanusa.